Siku tisini za hatari baada ya kurudi nyumbani

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

*Kijana anayetoka wodini baada ya kuugua akili hukabidhiwa pakiti ya dawa na tarehe ya kliniki. Simiyu ina watu, vikao na nyaraka za kutosha kumshika mkono katika miezi mitatu ya mwanzo. Kinachokosekana ni mtu mmoja anayejua kwamba kazi hiyo ni yake.*

BASI litokalo Mwanza hupita Magu, hufika Lamadi, kisha hukata kulia na kumaliza kilomita 71.8 za lami hadi Bariadi mjini. Kwa familia inayorudi na kijana wao kutoka wodi ya magonjwa ya akili ya Hospitali ya Bugando, hapo safari haijaisha. Bado kuna gari la kwenda Kisesa au Mwandoya, na baada ya gari kuna bodaboda hadi kitongojini.

Mkobani kuna dawa za mwezi mmoja na kadi yenye tarehe ya kurudi kliniki. Kijana amechoka, ulimi mzito, mikono inatetemeka kidogo kwa sababu ya dawa. Mama amekaa pembeni yake njia nzima bila kusinzia.

Wakifika, majirani watakuja kutoa pole, na kabla jua halijazama kila mmoja atakuwa amesema lake. Huyu atasema karogwa. Yule atasema ni bangi. Wa tatu atataka apelekwe kwenye maombi, na wa nne ataonya kwamba dawa za hospitali zitamfanya zezeta. Wote watamuaga mama kwa upendo, kisha wataondoka.

Usiku ukiingia, maswali yote yanabaki kwa mama. Nani alale chumba kimoja na mgonjwa? Akikataa dawa siku ya nne, alazimishwe au abembelezwe? Aende palizi ya pamba na wenzake? Arudi shule Jumatatu? Akianza tena kuongea peke yake saa nane za usiku, apigiwe simu nani?

Maswali hayo hayajibiwi na kadi ya kliniki. Na ni hayo yanayoamua kama kijana atapona au atarudi wodini kabla ya mvua nyingine.

Mkoa mchanga, huduma ya mbali

Simiyu ilizaliwa rasmi mwaka 2012. Bariadi, Maswa, Meatu na Itilima zilimegwa kutoka Shinyanga, na Busega ikatoka upande wa Mwanza. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497 katika mkoa huu. Nchi nzima, vijana wa miaka 15 hadi 35 ni asilimia 34.5 ya Watanzania wote.

Huo ndio umri ambao maradhi ya akili hubisha hodi. Wataalamu wa afya ya akili wanakadiria kuwa nusu ya maradhi hayo huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14, na robo tatu huwa yamejitokeza kufikia katikati ya miaka ya ishirini. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani.

Mkoa una hospitali yake ya rufaa eneo la Nyaumata, Bariadi. Lakini mgonjwa anayehitaji daktari bingwa wa akili mara nyingi huandikiwa rufaa ya Bugando, hospitali iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971. Wengine huishia Mirembe, Dodoma, hospitali iliyoanza mwaka 1927 na ambayo jina lake limetisha vizazi vingi kiasi kwamba kutajwa tu hugeuka tusi.

Umbali huo una madhara yake. Daktari aliyemwona kijana katika hali mbaya zaidi hajui nyumba yake ikoje. Muuguzi wa zahanati ya kijijini anayeijua nyumba hiyo hana habari kwamba kijana amerudi. Mtendaji wa kijiji atasikia mambo yakiharibika. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri huenda asisikie kabisa.

> Daktari aliyemwona kijana katika hali mbaya hajui nyumba yake ikoje. Muuguzi anayeijua nyumba hana habari kwamba kijana amerudi.

Tulishawahi kulijua hili

Wazo kwamba mgonjwa wa akili hupona akiwa na watu wake si geni Tanzania. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi ilianzisha vijiji vya wagonjwa wa akili ambako walilima, walifuga na waliishi karibu na jamii. Vikuruti, Dar es Salaam, na Hombolo, Dodoma, ni majina yanayokumbukwa katika historia hiyo.

Miaka ya 1980, kwa msaada wa WHO na Denmark, mpango wa taifa wa afya ya akili ulijaribiwa Morogoro na Kilimanjaro. Lengo lilikuwa kuishusha huduma hadi zahanati, ili mgonjwa atibiwe jirani na kwao na mhudumu wa kawaida wa afya aliyepewa mafunzo.

Kisha ikaja Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyochukua nafasi ya sheria ya enzi za mkoloni. Sheria hiyo inamtambua ndugu wa mgonjwa na inaeleza namna ya kumfikisha hospitali. Tatizo la Simiyu, na la mikoa mingi, liko katika hatua inayofuata: namna ya kumpokea akirudi.

Kwa nini miezi mitatu

Tafiti za nchi nyingi zinakubaliana juu ya jambo moja zito. Kwa mtu aliyelazwa wodi ya akili, hatari ya kujiua huwa kubwa kuliko wakati wowote katika miezi mitatu ya mwanzo baada ya kuruhusiwa. Wodini kulikuwa na muuguzi zamu ya usiku. Nyumbani kuna mama aliyechoka na mlango usio na komeo.

Sababu nyingine ni dawa. Dawa nyingi za kutuliza akili huanza kwa kuleta usingizi mzito, kukaza misuli, mate kutoka ovyo au hamu kubwa ya kula. Familia ambayo haikuelezwa huona mtoto wao anazidi kuharibika. Huziacha dawa kwa nia njema kabisa, na ugonjwa hurudi baada ya majuma machache, wakati mwingine kwa nguvu zaidi.

Kuna pia aibu. Kijana aliyekimbia uchi sokoni, aliyemtukana mwalimu mbele ya paredi au aliyejaribu kujitoa uhai hukumbuka. Akili ikitulia ndipo anapoanza kuona namna watu wanavyomtazama. Asipopata wa kumsikiliza katika majuma hayo, hujifungia.

Na kuna shamba. Uchumi wa Simiyu umekaa juu ya pamba, na mkoa huu ndio unaoongoza nchini kwa zao hilo. Pamba hupandwa mvua za Novemba na Desemba zikianza, hupaliliwa kwa mikono, na huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) kuanzia mwezi Mei. Mtu mmoja akiugua wakati wa palizi, nyumba hupoteza mikono miwili ya kazi: wake na wa anayemlinda. Ng'ombe aliyeuzwa kwa nauli na ada ya mganga harudi. Mara nyingi binti ndiye anayekatishwa masomo ili amlinde kaka yake.

Msaada mfupi unavyofanya kazi

Jijini New York, katika miaka ya 1990, watafiti walijaribu jambo lililoonekana dogo mno. Wanaume 96 wenye maradhi makali ya akili walikuwa wakitoka katika makazi ya muda kwenda kuishi katika jamii. Nusu yao walipewa mtu wa kuwafuata kwa miezi tisa tu: kwanza kwa karibu, kisha kwa kuangalia kama ndugu, kliniki na majirani wanashika nafasi yao, mwisho kwa kujiondoa polepole.

Katika miezi 18 ya ufuatiliaji, waliopata msaada huo walikosa makazi kwa wastani wa usiku 30. Ambao hawakuupata walikosa makazi kwa usiku 91. Faida ilidumu hata baada ya msaada kukoma, kwa kuwa kazi ya yule mfuatiliaji ilikuwa kuwafunga watu wengine kwenye maisha ya mgonjwa kabla hajaondoka.

Mwaka 2008 jarida la WHO lilichapisha utafiti wa watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya jaribio la kujiua, katika miji ya Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida. La pili liliongezewa mazungumzo ya saa moja, kisha wahudumu wa afya waliwapigia simu au kuwatembelea mara tisa ndani ya miezi 18. Katika kundi la kwanza, asilimia 2.2 walikuja kufa kwa kujiua. Katika la pili, asilimia 0.2.

> Mazungumzo ya saa moja na kutembelewa au kupigiwa simu mara tisa: waliojiua walishuka kutoka asilimia 2.2 hadi 0.2.

Jirani zetu nao wana la kutufundisha. Harare, Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye msongo na sonona, katika vikao vichache vya kutafuta ufumbuzi wa tatizo moja baada ya jingine. Utafiti wa mwaka 2016 uliofanyika katika kliniki 24 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, asilimia 14 ya waliokaa na bibi hao walibaki na dalili za sonona, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limevuka hadi Malawi na Zanzibar.

Hapa Bara, watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Profesa Sylvia Kaaya akiwa miongoni mwao, walijaribu mpango ulioitwa Kuwezeshana Kupata Uzima, kwa kifupi KUPAA, Dar es Salaam na Mbeya. Wagonjwa na ndugu zao walikaa pamoja katika makundi, wakafundishwa ugonjwa, dawa na namna ya kuishi nyumba moja bila kuumizana. Msingi wake ni ule ule: ndugu apewe maarifa, maana yeye ndiye muuguzi wa usiku.

Wenye mashaka wana hoja

Si kila mtu anakubali kwamba msaada wa muda mfupi ni jawabu, na mashaka yao hayapaswi kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni ya kitabibu. Maradhi kama skizofrenia na kubadilika kwa hisia kupita kiasi yanaweza kudumu miaka mingi. Kumfuata mtu miezi mitatu kisha kumwacha, wanasema, ni kumtelekeza kwa adabu. Tena kumtembelea mgonjwa ambaye zahanati yake haina dawa ni kumpa maneno matupu.

Ukweli huo unabaki. Dawa lazima ziwepo, na kliniki lazima iendelee. Ila aliyefungwa plasta mguuni hupewa magongo ya kutembelea hadi mfupa uunge, na hakuna anayesema magongo hayana maana kwa kuwa hayatakaa milele. Msaada wa miezi mitatu ni daraja la kumfikisha mgonjwa kwenye huduma ya kudumu, na ndiyo maana siku ya mwisho lazima akabidhiwe kwa jina kwa muuguzi wa zahanati.

Hoja ya pili ni ya mzigo. Tarehe 31 Januari 2024, Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Lengo ni kuwapata 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Tayari wana uzazi, lishe, malaria, kifua kikuu na VVU mabegani. Kuwaongezea wagonjwa wa akili bila posho, mafunzo na msimamizi ni kuwachosha bure.

Jibu ni kwamba idadi inabebeka. Kitongoji kimoja hakirudishiwi wagonjwa kumi kwa mwezi kutoka wodini. Mhudumu anaweza kumaliza mwaka akiwa amefuata familia moja au mbili. Anachohitaji ni mafunzo ya siku chache, muda wa maongezi kwenye simu na muuguzi wa kumuuliza anapokwama.

Hoja ya tatu inahusu imani. Kwa familia nyingi za Usukumani, mganga wa jadi ndiye wa kwanza kuulizwa, kwa kuwa yuko karibu na anajibu swali ambalo daktari halijibu: kwa nini mimi, kwa nini sasa. Makanisa na misikiti nayo hupokea wengi. Wapo wataalamu wanaotaka milango hiyo ifungwe kabisa.

Kuifunga hakutawezekana, na kutawafanya watu wafiche. Lakini mpaka uwekwe bila kupepesa macho. Maombi yasikatishe dawa. Hakuna kufunga mtu kamba, mnyororo wala gogo. Hakuna kumnyima chakula. Na hakuna kumtaja mchawi, maana katika mikoa ya Usukumani vikongwe wameuawa kwa kutajwa tu. Mganga au mchungaji anayekubali mpaka huo awe mshirika, anayekataa aripotiwe.

Sheria inayowafungia watu midomo

Kikwazo kingine kiko kwenye vitabu vya sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Familia inayojua hivyo humficha kijana, au humpeleka hospitali na kudanganya kilichotokea. Daktari akidanganywa, hatari haipimwi na hakuna anayefuatilia.

Nchini Kenya, tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu cha aina hiyo kinapingana na Katiba ya nchi hiyo. Wapo Watanzania wanaoamini kwamba kukiondoa kifungu chetu ni kubariki kujiua. Lakini mtu aliyefikia hatua hiyo hakuwa akipima adhabu ya mahakama. Kinachomwokoa ni kitanda, dawa na mtu wa kurudi kumwona. Bunge lina wajibu wa kulitazama upya jambo hili.

> Familia inayoogopa polisi humficha kijana. Daktari akidanganywa, hatari haipimwi na hakuna anayefuatilia.

Vyombo vipo, havijaunganishwa

Halmashauri za Simiyu hazihitaji kusubiri hospitali mpya ya akili ili zianze. Zitazame kwanza zilichonacho.

Kuna kamati za MTAKUWWA, zilizoundwa hadi ngazi ya kijiji kulinda wanawake na watoto. Kuna Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, unaoruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali warudi darasani. Wengi wanaujua kwa habari ya wasichana waliopata ujauzito, lakini aliyeugua akili naye ana haki ya kurudi, na mwalimu wa unasihi anapaswa kuandaliwa kabla hajafika.

Kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kijana anayepata nafuu akiingizwa katika kikundi cha wenzake hupata sababu ya kuamka asubuhi.

Kuna pia sungusungu, walioenea katika vijiji vya Wasukuma tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwano, yaani yowe la kuitana, ukipigwa usiku kwa ng'ombe walioibwa, kijiji kizima huamka. Mara nyingi hao hao ndio huitwa mgonjwa anapokuwa mkali, na wasipofundishwa humpiga na kumfunga kama mwizi. Wakifundishwa kumtuliza na kumfikisha kituo cha afya bila kumjeruhi, nguvu hiyo hiyo itaokoa maisha.

Mpango wenyewe unaweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa, wodi ipige simu kwenye zahanati ya kwao, kwa ridhaa yake na ya familia. Ndani ya siku tatu mhudumu wa jamii afike nyumbani. Mwezi wa kwanza aende kila juma, wa pili kila baada ya majuma mawili, wa tatu mara moja, kisha amkabidhi.

Katika ziara ya kwanza, familia iandike dalili za hatari wanazozijua wao, nani atapigiwa simu, nani atamwangalia mgonjwa mama atakapolala, na dawa zikae wapi. Sumu za mashambani ziondolewe nyumbani na zifungiwe mahali pengine. Wilaya za pamba hazina kisingizio katika hilo. Ziara zinazofuata zisikilize usingizi, dawa, shule, kazi na ugomvi wa nyumbani. Na kila mara mama aulizwe hali yake, kwa kuwa akianguka yeye nyumba yote imeanguka.

Siri ya mgonjwa ilindwe. Mhudumu anayetangaza habari za nyumba kwenye kilabu cha pombe aondolewe siku hiyo hiyo, maana ataiua huduma nzima.

Wito

Kwa wakurugenzi wa halmashauri za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega: wekeni kifungu cha nauli na mafunzo katika bajeti ijayo, na mteueni afisa mmoja kila wilaya atakayejibu swali la nani amerudi kutoka wodini mwezi huu na nani amekwenda kumwona. Kwa uongozi wa mkoa: dawa za akili zihesabiwe zahanati kwa zahanati, kama zinavyohesabiwa za malaria.

Kwa jirani: usiishie kutoa pole siku ya kwanza. Rudi juma la pili, mpokee mama zamu ya usiku mmoja, mpe kijana kazi nyepesi shambani na mwite kwa jina lake.

Na kwa familia yenye hofu sasa hivi: mkiona ndugu yenu anazungumzia kufa, hapati usingizi au anakataa dawa, msimwache peke yake na msingoje tarehe ya kadi. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu leo. Simu ya bure ya Wizara ya Afya ni 199, na huduma ya simu kwa mtoto ni 116.